Wifi Jokha na Ndugu wa Kunyonya

Kama unataka kumjua wifi yangu Jokha, usimuulize habari zake. Muulize za babu yako wewe. Atavuta kiti, atafungua kompyuta yake iliyobandikwa plasta kwenye kona, na utakaa hapo mpaka ujute kuzaliwa kwenye ukoo wenye watu wengi.

Mimi naitwa Raisa. Nimeolewa na kaka yake, Amour, mwaka wa thelathini na nane huu, kwa hiyo kibali cha kumsema ninacho. Jokha ni mjane wa miaka sitini na miwili, mwembamba, macho makali, mdomo mkali zaidi. Alifua mashuka ya hospitali hapa Birmingham miaka ishirini na sita, na alipostaafu tulidhani sasa atapumzika na sisi tutapumzika naye. Mwanawe Iman akamnunulia kompyuta ili aangalie tamthilia za Kituruki. Aliziangalia wiki mbili. Wiki ya tatu akagundua kuna tovuti zilizopiga skani madaftari ya zamani: vizazi na vifo, abiria wa meli, watumishi wa serikali, picha za sherehe na maonesho. Vitu ambavyo zamani mtu angefunga safari kwenda kuvifukunyua kwenye makabati yenye vumbi, yeye anavisoma kochini kwake Acocks Green, miguu imo kwenye beseni la maji moto. Tangu siku hiyo sijala chakula cha moto nyumbani kwake.

Habari zikaenea. Jumanne na Alhamisi akawa anakaa maktaba, meza ya pembeni karibu na kipasha joto, na watu wanamfuata na makaratasi yao kwenye mifuko ya plastiki. Hana malipo, hana cheo, lakini ukichelewa dakika kumi anakupa nafasi ya wiki ijayo. Henriette, mama wa Kikongo anayekaa Winson Green, alitafutiwa babu yake kwenye daftari la ubatizo la wamisionari, lililoandikwa kwa Kifaransa, kwa mwandiko wa kuku. Siku jina lilipotokea kwenye skrini, Henriette alisimama katikati ya maktaba akapiga vigelegele. "Jina ya tate yangu iko pa écran! Jokha, Mungu akubariki, iko pa écran!" Mkutubi akaja kutuomba tupunguze sauti, na Henriette akamkumbatia na yeye.

Wenzetu wa Unguja ndio wagumu. Kila Mzanzibari wa Birmingham anataka babu yake awe liwali. Jokha akiwatafutia anawakuta wachukuzi wa karafuu na wapishi wa meli, na anawaambia hivyohivyo, bila sukari. Kuna bwana mmoja alikuja na nasaba yake kwenye fremu, imepanda hadi ikulu ya sultani. Jokha akaikagua, akaingia kwenye madaftari, akamrudishia. "Babu yako alikuwa mpiga pasi wa ikulu," akamwambia. "Ikulu umo, ila upande wa nguo." Bwana yule hatusalimii mpaka leo.

Na tovuti zenyewe anagombana nazo. Zina kisanduku cha baba, cha mama, cha mume, cha mtoto. Hazina kisanduku cha kunyonya. Sasa sisi mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyemzaa, yule mwanamke ni mama yake, na watoto wote wa yule mwanamke ni ndugu zake, hawaoani mpaka kiama. Utachoraje ukoo bila jambo hilo? Jokha aliwaandikia wenye tovuti mara mbili, akiwaeleza kwa upole, na upole kwake ni kazi. Wakamjibu kwamba wanashukuru kwa maoni yake, na wakampa punguzo la bei ya kipimo cha mate, cha kutafuta ndugu wa damu. Alikaa siku nzima akiguna, "Mimi nawaambia maziwa, wao wananiambia mate!" Mwishowe akanunua kalamu ya kijani, na kila mti anaouchapisha anauongezea mistari ya kijani ya kunyonya kwa mkono wake.

Basi hapo ndipo akatokea Maulid.

Maulid Mubarik ni dereva wa basi la namba 11, lile linalouzunguka mji, amefiwa na mkewe, anakaa Hodge Hill, mtu wa taratibu na wa maneno machache. Kofia haijawahi kumkaa sawa, kwa sababu sikio lake la kushoto limesimama nje, limekataa kulala. Ni rafiki wa mume wangu wa kucheza dhumna. Alisema hana ndugu, kwao alizaliwa peke yake, wazazi walishatangulia, watoto wake wako Toronto. Mwaka juzi akaanza kuja maktaba siku zake za mapumziko, anauliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Siku moja alimuuliza Jokha kama tovuti zina habari za paka. Mimi nikaangalia dirishani nisicheke.

Jokha akaanza kuvaa mitandio mipya. Nilimwambia, "Wifi, hiyo ya zambarau inakupendeza, hata paka watakuona." Akanipiga na kalamu. Lakini usiku wa Idi aliniambia, bila mzaha, kwamba miaka tisa tangu mumewe afe amekuwa akila peke yake, siku hizi mbele ya kompyuta, na kwamba amechoka kuishi na marehemu tu, anataka mtu mmoja aliye hai. Nilimshika mkono. Maulid akaleta posa kwa Amour, ambaye kwa kuwa ni kaka mkubwa na baba yao hayupo ndiye walii wa kumuozesha, na Amour akakubali kabla mtu hajamaliza sentensi. Nikaha ikapangwa baada ya miezi mitatu.

Mwanamke mwingine angeshona nguo. Wifi yangu akaamua zawadi yake kwa bwana harusi itakuwa mti wa ukoo wake, umechapishwa kwa rangi. Hapo ndipo alipojitafutia balaa kwa mikono yake mwenyewe. Akampigia simu Mama Mdogo wetu, mdogo wa marehemu mama yake, anayekaa Unguja na ana kumbukumbu za kutisha. Nilikuwapo, simu iko kwenye spika.

"Mama Mdogo, unamkumbuka mtoto aliyekuwa akiitwa Maulid, wa mzee Mubarik?"

"Mubarik yule fundi saa wa Kikwajuni? We! Si ndugu yenu huyo!"

"Ndugu yetu vipi?"

"Ndugu yenu wa kunyonya, Jokha. Mama yake alilazwa, mtoto mdogo, analia mtaa mzima hatulali. Mama yako ndiyo kwanza ana Amour. Akamchukua, akamnyonyesha miezi mitatu kamili, Amour ziwa hili, yeye ziwa hili. Nimewashika kwa mikono yangu miwili hii. Yu hali gani huyo kijana?"

"Mzima," Jokha akajibu. "Anataka kunioa."

Kwenye spika nikasikia kuku wa Unguja. Kisha Mama Mdogo akasema, "Astaghafirullah, chaji inaniishia," na simu ikakatika.

Amour alipoambiwa, kwanza alicheka. Akasema kumbe ndiyo maana wanafungana dhumna sare, wamelelewa kwa maziwa mamoja. Halafu akaona uso wa dada yake, akaacha. "Mimi ndiye walii," akasema taratibu. "Nitamuozeshaje dada yangu kwa kaka yangu?" Tukaenda kwa Sheikh Hillow, Msomali wa Garissa, mtu wa huruma ambaye hapindishi. Akatusikiliza, akavua miwani. "Mama, kunyonya ni kama damu. Ikiwa alinyonya mara tano za kushiba, na alikuwa hajafikisha miaka miwili, huyo ni brother yako, na hakuna nikaha. Ikiwa alikuwa ameshapita miaka miwili, maziwa hayo ni chakula tu. Nendeni mkatafute umri wake."

Maulid akaitwa nyumbani kwetu. Jokha mwenyewe ndiye aliyemwambia, mbele yangu na Amour. Nilitegemea mwanamume atabisha, atauliza, atapiga meza japo kidogo. Alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Akasema, "Kama Mungu kaandika hivyo," akainuka, akaenda zake, na jaketi lake la kazi akalisahau kwenye kiti. Nilikasirika mimi! Nilimwambia Amour rafiki yako ana moyo wa chapati. Jokha alilikunja lile jaketi, akaliweka kwenye mfuko.

Baada ya hapo Maulid hakukanyaga maktaba, wala dhumna hakuja.

Lakini Jokha alikuwa ameshapewa kazi na sheikh: umri. Hapa Birmingham nusu ya wazee wetu wamezaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu ndiyo tarehe anayoiandika ofisa akichoka kukuuliza. Umri wa kwenye makaratasi ni wa kubahatisha. Huenda Maulid alipunguziwa miaka, huenda aliponyonya alikuwa jitu la miaka mitatu lenye meno. Hilo ndilo alilolitafuta, usiku na mchana, mwezi mzima: karatasi ya kumzeesha mchumba wake. Nimeona wanawake wakiomba wachumba wao wawe vijana. Huyu aliomba awe mzee.

Akalipata daftari. Vizazi vya hospitali, Unguja, limepigwa skani ukurasa kwa ukurasa, halina faharasa, akalisoma lote. Tarehe tatu Septemba 1960, mtoto wa kiume, Maulid, baba Mubarik, fundi saa. Amezaliwa Mfungo Sita, mwezi wa maulidi, ndiyo maana ya jina. Amour wangu alizaliwa mwezi wa tano mwaka huohuo. Hesabu haikuhitaji kalamu. Amour alipokuwa mchanga wa kunyonya, Maulid alikuwa mchanga zaidi.

Siku hiyo nilimkuta jikoni, kompyuta imefungwa, anakata vitunguu visivyo na mchuzi wa kutiwa. Iman alikuwapo, ameegemea friji. Iman amezaliwa hapa, Kiswahili anakielewa chote ila hakisemi.

"Mum, just close the tab," akasema. "Nobody else has seen it. Mama Mdogo is eighty-eight."

"Nimeona mimi," Jokha akajibu.

"So? You deserve to be happy."

Jokha akaweka kisu chini. "Nimemnyima mtu sultani wake kwa karatasi moja, Iman. Leo nijipe mume kwa kuficha karatasi?"

Iman akamkumbatia, wakalia wote wawili, na mimi nikasingizia vitunguu. Nasema wazi, nilitamani afiche. Mimi ningeficha, ningeifuta, ningeitupa ile kompyuta kwenye mfereji. Yeye akaichapisha, akachukua kalamu ya kijani, akachora mstari kutoka kwa mama yake kwenda kwa Maulid. Mstari ukatoka umepinda.

Baada ya wiki mbili, Alhamisi, tulikuwa maktaba, mimi, yeye na Henriette, tunamtafutia Henriette shangazi. Jokha hakuwa na furaha lakini meza yake hakuiacha. Katika kupekua akaingia kwenye mkusanyiko wa picha za idara ya habari ya serikali ya zamani, na mara akaganda. Ilikuwa picha ya onesho la watoto, Unguja, 1961. Wakoloni walikuwa na mchezo huo, kina mama wanaleta watoto, wanapimwa uzito, mnene zaidi anapewa zawadi. Mwanamke mwenye buibui amempakata mtoto mmoja mnono, mashavu yamefunika macho, ana beji kifuani. Chini wameandika: mshindi wa kwanza, Maulid Mubarik, na mama yake na kaka yake Makungu, Kikwajuni.

"Tazameni," Jokha akasema. "Hayo mashavu ni maziwa ya mama yangu. Beji ile ilikuwa ya mama."

Mimi sikuwa natazama mashavu. Kando ya buibui alisimama mtoto mwingine, wa miaka minne hivi, kanzu fupi, amekasirika kwa sababu hajapewa beji. Na sikio lake la kushoto limesimama nje kama mshikio wa kikombe.

"Wifi," nikasema. "Hilo sikio nalijua."

Akasogeza picha ikawa kubwa. Akalitazama sikio, akanitazama mimi, akarudi kwenye sikio. Mtoto mnono masikio yake yamelala kabisa kichwani, mazuri, ya kawaida.

"Lakini Maulid alisema hana ndugu," Jokha akanong'ona. "Huyu Makungu ni nani? Na kwa nini ana sikio la Maulid?"

Henriette akavuta kiti karibu. Amewajazia watu fomu za ukimbizi miaka kumi na tano, hashangai upesi. "Kwetu kule Bukavu ilikuwaka," akasema. "Mutoto mudogo anakufa, Mungu amupokee, acte de naissance yake, cheti ya kuzaliwa, inabakia mu nyumba. Mukubwa yeye hana. Ku masomo wanaomba papier. Basi mukubwa anaingiaka na papier ya mudogo, na jina yake. Anabakia nayo mupaka uzee."

Kisha Jokha akainuka, kiti kikaanguka, akachapisha picha nakala tatu. Aliyenyonya ndiye anayekuwa ndugu. Kaka wa aliyenyonya hana uhusiano wowote, hata sheikh hana haja ya kuulizwa. Ikiwa yule dereva ni mwenye sikio, basi hajawahi kuonja hata tone, na miezi miwili hii yote amekuwa akijua.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Hodge Hill, Jokha, Amour na mimi. Njia nzima hakutamka neno, na Jokha akinyamaza ni wa kuogopwa. Maulid alifungua mlango amevaa sare, zamu yake ilikuwa inaanza saa saba. Akatukaribisha, akataka kwenda kutia maji kwenye birika. "Chai yako baadaye," Jokha akasema, akaiweka picha mezani. "Nionyeshe wewe ni yupi."

Yule bwana alikaa chini. Aliichukua picha kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, na nilifikiri anaangalia alipo yeye. Kumbe alikuwa anamwangalia mtoto mnono.

"Sikuwa na picha yake," akasema. "Hata moja. Nilikuwa nimesahau alivyo."

Akatueleza, na alieleza kwa shida, maana hajawahi kulieleza kwa mtu. Yeye ni Makungu. Alizaliwa shamba, 1957, hakuna daktari, hakuna cheti. Maulid alizaliwa hospitali, akapata cheti. Kisha wakarudi shamba, mbali na majirani wa Kikwajuni, na huko Maulid akafa kwa surua ana miaka mitatu. Baadaye wakahamia Dar es Salaam, shule ikataka cheti, na nyumbani cheti kilikuwa kimoja. Mama yake alimvalisha shati, akamwambia kuanzia leo wewe ni Maulid, na ukiitwa Makungu usiitikie. "Nilikuwa na miaka kumi, darasa la kwanza," akasema. "Wenzangu walikuwa wananifikia kiunoni. Baada ya siku hiyo hata mama hakuniita tena jina langu. Aliogopa kukosea mbele za watu."

"Na ulipoambiwa habari ya kunyonya?" Jokha akauliza. Alikuwa amesimama bado. "Ulijua si wewe. Neno moja tu. Mimi nalia, nasoma daftari lisilo na faharasa usiku kucha, na wewe unazunguka mji na basi!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nimeingia nchi hii kwa cheti cha mwingine, Jokha. Nilijiona nimeshafika gereza la Winson Green." Akafuta picha kwa kiganja, japo haikuwa na vumbi. "Lakini si hilo tu. Maulid ana leseni. Ana pasipoti, ana watoto, anaendesha basi. Nikisema mimi ni Makungu, basi Maulid amekufa. Hakuna mtu duniani anayejua kama amekufa ila mimi. Ningemzika mimi peke yangu, na wewe ungekuwa umempata mume kwa mazishi yake."

Ule moyo wa chapati nilioupachika kwa mtu huyu niliumeza. Jokha akakaa. Hasira ilikuwa bado ipo usoni lakini haikuwa na mahali pa kwenda. Akafungua mkoba, akatoa kompyuta, akaifungua kwenye mapaja yake.

"Hutamzika peke yako," akasema. "Alikufa lini?"

"Sikumbuki tarehe. Ilikuwa baada ya Idi kubwa, kuna mvua."

"Basi tuanze hapo," akasema. Akaongeza kisanduku kwenye mti, akaandika Makungu, akakiweka mahali pake, juu ya mdogo wake. Kwenye kisanduku cha Maulid akaandika mwaka wa kufa. Mstari wa kijani wa kwenye karatasi akauacha kama ulivyo, kwa sababu ulikuwa wa kweli. Makungu alitazama skrini wakati wote bila kupepesa, na Jokha alipomaliza yeye akaomba kuingia chooni, na alikaa huko muda mrefu na bomba limefunguliwa.

Akarudi uso umelowa, na mume wangu, ambaye hawezi kukaa kwenye huzuni zaidi ya robo saa, akapiga hesabu kwa vidole. "Kwa hiyo una sitini na saba, si sitini na nne? Mtu wangu, ulikuwa upumzike zamani! Umeendesha basi bure!"

"Magoti yangu yalikuwa yananiambia," Makungu akasema, na Jokha akacheka mpaka akashika mbavu. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia kicheko chake kibaya.

Mambo ya serikali tulimpelekea Amrita, wakili anayetoa ushauri wa bure maktaba siku za Jumatano. Alisikiliza yote, akamwambia aandike ukweli wote, na kwamba atamsaidia kuupeleka unakotakiwa. Barua imekwenda. Jibu halijaja, na kila bahasha ya kahawia ya serikali ikianguka mlangoni Hodge Hill bado moyo unampasuka, hilo sitalificha. Lakini Sheikh Hillow alituambia la kwanza ni la marehemu. Kwa hiyo Ijumaa moja tukamsomea Kurani ya hitma mtoto wa miaka mitatu, miaka sitini baadaye, kwenye ukumbi wa Acocks Green. Henriette, ambaye ni Mkristo na hajui hitma ni nini, alileta sufuria mbili za wali. Mama Mdogo aliwekwa kwenye simu. Alipoambiwa ni nani anayeoa, akasema, "Aa, yule mkubwa! Mtundu yule, alikuwa akituibia ubuyu," akaanza kusoma pamoja nasi.

Wiki iliyofuata ikawa nikaha, nyumbani kwetu sebuleni. Wanaume wamekaa kwenye busati, sisi wanawake tuko jikoni, mlango uko wazi kidogo, Jokha amevaa ule mtandio wa zambarau na amenishika mkono. Sheikh akamaliza hotuba. Tukamsikia Amour akijikohoza, amejaa umuhimu kama walii: "Ewe Makungu bin Mubarik, nimekuozesha dada yangu Jokha."

Kimya. Nikachungulia. Bwana harusi alikuwa ameketi mbele ya Amour, mkono wake umo mkononi mwa Amour, na amegeuza shingo anatazama nyuma yake, upande huu, upande ule, kumwangalia anayeitwa. Jokha hakuona. Alichosikia ni kimya, na kucha zake zikazama kwenye kifundo cha mkono wangu. "Amebadili mawazo," akaninong'oneza. "Raisa, amebadili mawazo."

"Makungu," Amour akaita tena, taratibu zaidi. "Makungu bin Mubarik."

"Naam!" Ilitoka kubwa, ya mtoto aliyeitwa na mama yake kutoka uani, mpaka watu wakashtuka. Halafu, kwa sauti yake ya kila siku, akasema, "Nimekubali kumuoa."